Nani Aliyekunja Nyuzi za Fedha?

Bweta la filigrana ni kijisanduku cha kuwekea vito, manukato au masalia ya watakatifu, ambacho kuta zake si bamba la madini bali ni nyuzi za fedha au dhahabu zilizokunjwa kwa maumbo ya maua na mashina yatambaayo, kisha zikaunganishwa kwa moto. Mabweta mengi ya karne ya 16 hadi ya 18 yametunzwa katika makanisa, makasri na makumbusho ya Ulaya, na kwa muda mrefu yaliyo mengi yakihesabiwa kuwa kazi ya Wazungu kwa kuwa yalikutwa kwao. Lakini mahali kitu kilipotunzwa si ushahidi wa mahali kilipotengenezwa. Ukifuatilia ushahidi wenyewe, sehemu kubwa ya historia ya mabweta haya inakurudisha kwenye Bahari ya Hindi.

Utata unaanzia kwenye ufundi wenyewe. Sonara huvuta uzi wa fedha kupitia bamba la chuma lenye matundu yanayozidi kuwa madogo, na kila mara huupasha moto, kwani fedha ikivutwa hukakamaa, na isipolainishwa hukatika. Nyuzi mbili husokotwa pamoja, kisha hubanwa ziwe bapa ili kingo zake zipate vijino vinavyometameta. Hukunjwa kwa koleo ndogo, hupangwa ndani ya fremu ya waya mnene, hunyunyiziwa unga wa lehemu na boraksi, halafu fundi hupuliza moto kwa kipimo: ukipungua, lehemu haishiki, ukizidi, kazi ya siku nyingi inayeyuka. Mbinu hii ilijulikana Mesopotamia zaidi ya miaka elfu nne iliyopita na ikaenea pande zote, hivyo peke yake haimtaji fundi. Tena kazi ya nyuzi haiachi nafasi kubwa iliyo bapa ya kugonga muhuri wa sonara, na ndiyo maana vitu vingi vya aina hii havina alama yoyote.

Muhuri ukikosekana, inabidi kutazama kumbukumbu za waliovimiliki na kulinganisha kazi na kazi. Katika Museu Nacional de Arte Antiga mjini Lisbon kuna bweta la dhahabu na enameli lililotengenezwa Goa, India, mwishoni mwa karne ya 16. Matias de Albuquerque, makamu wa mfalme wa Ureno huko India kuanzia 1591 hadi 1597, ndiye aliyelitoa kwa watawa wa konventi ya Graça. Makumbusho ya Hermitage, St Petersburg, nayo yana vyombo vya kujipambia vya filigrana ya Kichina vilivyokuwa vya Malkia Catherine wa Pili wa Urusi. Naye William Marsden, aliyeandika historia ya Sumatra mwaka 1783, aliisifu filigrana ya mafundi wa huko kuliko hata ya Wachina, akashangaa kwamba zana zao zilikuwa vipande vya chuma chakavu tu.

Mtu anaweza kupinga kwamba Ulaya nayo ilikuwa na masonara wake. Ni kweli: Genoa, Malta na kaskazini mwa Ureno zina sifa ya siku nyingi katika kazi hii. Lakini kuthibitisha kwamba Wazungu waliweza kutengeneza hakuthibitishi kwamba bweta fulani walilitengeneza wao. Mwingine atasema umbo la bweta, lenye kifuniko kilichobinuka na kufuli, ni la masanduku ya Kizungu. Hilo linatuambia mnunuzi alikuwa nani, kwani masonara wa Goa na wa Guangzhou, China, walifanya kazi kwa oda na walijua wateja wao wanataka nini. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba, bila muhuri, kusema "Goa" nako kunaweza kuwa kubahatisha. Nakubali hatari hiyo. Mitindo iliigwa na kuvuka bahari pamoja na bidhaa. Hata hivyo hatari hiyo inaligusa jina "Ulaya" vilevile, na si haki kudai ushahidi kwa upande mmoja huku upande mwingine ukiaminiwa bila kuulizwa.

Kwa hiyo kibandiko cha makumbusho kinapaswa kutenganisha mambo matatu: aliyeagiza, aliyetengeneza na aliyetunza. Katika filigrana suala hili lina uzito wa pekee, kwa sababu madini yanayotumika ni machache na thamani kubwa ya kitu imo katika mikono iliyokifanya. Kumsahau sonara wa Goa au Sumatra ni kuhesabu uzito wa fedha na kuiacha kazi yenyewe.