Umeitwa nyumbani kumpeleka mgonjwa kemo? Soma hii kwanza

Kila familia huku mlimani ina mtu mmoja ambaye hupigiwa simu kwanza mambo yakiharibika. Si yule dada anayefanya kazi benki Nairobi, wala kaka aliye Qatar. Ni wewe. Wewe uliyemaliza chuo na hujapata kazi, ama uliyeacha chuo karo ilipokwisha kama mimi, ama unayeuza nguo mtandaoni na kila mtu nyumbani anaamini huna shughuli. Mzazi akiambiwa ana saratani na anafaa kuanza kemo, kikao cha familia huchukua dakika kumi tu: wenye mishahara watatuma pesa, wewe utamshika mkono.

Basi stori hii ni yako. Mimi nimekuwa mshika mkono tangu mwaka jana. Mgonjwa wangu ni tata, dada mkubwa wa babangu, anayeishi juu ya Karatina. Mimi nimepewa jina la babake, kwa hivyo mama huyu wa miaka sitini na kitu huniita "baba", na baba hawezi kukataa kwenda hospitali. Saratani yake ilianzia kwenye utumbo mpana, na ilipogunduliwa ilikuwa tayari imefika kwenye ini. Hiyo ndiyo huitwa hatua ya nne. Mengi ya haya nimeyajua kwa kuuliza wauguzi, kwa kuongea na watu kwenye benchi la kungojea, na kwa kukesha.

Kwanza jua hauko peke yako. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani yanaonyesha kuwa mwaka wa 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya 44,726, na watu 29,317 waliaga dunia kwa ugonjwa huu. Nyeri yenyewe inaujua vizuri. Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe aliyeshinda Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004, aliaga Septemba 25, 2011 kwa saratani ya ovari. Gavana wetu wa kwanza, Nderitu Gachagua, alifariki London Februari 24, 2017 akiugua saratani ya kongosho. Ugonjwa huu haujali cheo wala elimu. Kwa hivyo jirani akianza kukunong'onezea nani alimroga mzazi wako, mwitikie kwa heshima kisha uendelee na safari.

DAWA HAIJUI KUCHAGUA

Kemo, ama tibakemia ukipenda, ni dawa inayowinda seli zinazogawanyika haraka. Saratani ni hodari wa kugawanyika, ndiyo maana inapigwa. Shida ni kwamba mwilini kuna seli nyingine zenye haraka: za mizizi ya nywele, za ngozi ya ndani ya mdomo na tumbo, na za uboho unaotengeneza damu. Hizo nazo huumia. Ukielewa hilo moja, karibu madhara yote unayoyaona nyumbani yataacha kukushangaza.

Lakini kemo si dawa moja. Kuna nyingi, na kila moja ina tabia zake. Doksorubisini hugeuza mkojo mwekundu kwa siku moja au mbili, na si damu. Paklitakseli hung'oa nywele karibu zote. Tata yeye hupewa dripu ya oksaliplatini kila wiki tatu, kisha anameza tembe za kapesitabini asubuhi na jioni kwa siku 14, halafu anapumzika wiki moja. Nywele zake zilipungua kidogo tu. Unajua watu wa kijiji walisema nini? Kwamba haumwi kweli, familia inatafuta pesa za harambee. Kwa hivyo muulize daktari jina la dawa, liandike kwenye simu, na uulize hiyo dawa yenu hufanya nini. Usikopi madhara ya mgonjwa wa jirani.

BARIDI YA NYERI NA HII DAWA HAZIPATANI

Kama mgonjwa wako anapewa oksaliplatini, soma hapa mara mbili. Dawa hii hufanya neva zichukie baridi kwa siku kadhaa baada ya dripu. Sasa fikiria Julai yetu, gathano, ukungu mpaka saa sita mchana na maji ya mfereji kama barafu. Tata alishika komeo la chuma la lango asubuhi akaruka kama aliyepigwa na stima. Akinywa maji baridi, koo linajifunga anahisi kama anakosa hewa. Inatisha, lakini kwa kawaida hupita.

Ninachofanya ni hiki: glavu za sufi siku nzima, skafu mdomoni kabla ya kutoka nje, maji ya kunywa na ya kunawa yawe ya uvuguvugu, na yeye hagusi friji wala sufuria zilizolala nje. Siku ya dripu nabeba thamosi ya uji wa wimbi kwenye mathree ili asishuke steji na tumbo tupu. Lakini ganzi ya vidole ikianza kukaa muda wote, akishindwa kufunga vifungo vya sweta ama kuokota sarafu, mwambie daktari hata kama mgonjwa amekukataza. Dozi inaweza kupunguzwa. Ganzi ikiachwa inaweza kudumu.

KUTAPIKA, MDOMO NA TUMBO

Dawa ya kuzuia kutapika hupewa kabla ya kutapika kuanza. Wazee wetu hupenda kuweka dawa "mpaka nishikwe kabisa". Hapana. Ikiandikwa mara mbili kwa siku, ni mara mbili. Chakula kiwe kidogo kidogo, mara nyingi, na kisiwe na harufu kali. Githeri ngumu na pilipili zipumzike kwanza. Waru zilizopondwa, ndizi, mayai yaliyoiva vizuri, supu na maziwa yaliyochemshwa hushuka vyema. Akikataa kula saa saba, usimgombeze. Jaribu tena saa tisa.

Vidonda mdomoni vikianza, asukutue mara kadhaa kwa siku na maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko kidogo kimoja kwa lita moja. Mswaki uwe laini.

Kuhusu kuhara, kuwa makini, hasa kama anameza kapesitabini. Akienda msalani mara nne ama zaidi kupita kawaida yake kwa siku, piga simu hospitalini kabla ya kumpa tembe nyingine. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti unayonunua duka la dawa. Tembe zenyewe humezwa baada ya kula, ndani ya nusu saa, na hazisagwi. Mkono wako usizishike ovyo. Kwa siku mbili baada ya dripu, vaa glavu ukisafisha matapishi ama choo, na nguo zake zilizochafuka zifue kando. Dada mjamzito asipewe kazi hiyo.

Halafu kuna uchovu. Huu si uchovu wa kulala mapema ukaamka sawa. Tata anaweza kuamka ameshachoka. Usimwite mvivu, na pia usimfunge kitandani. Kutembea kidogo hadi kwa ng'ombe na kurudi humsaidia kuliko kulala siku nzima.

NAMBA MOJA YA KUKARIRI: 38

Ukisahau yote niliyoandika, shika hii. Nunua kipimajoto leo. Kati ya siku ya saba na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu huwa chini sana, na mwili hauna askari. Joto likifika nyuzi 38, ama akianza kutetemeka kwa baridi, hiyo ni dharura. Twende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku na mvua inanyesha. Usimpe Panadol mlale mpaka kuche, kwa sababu itashusha joto na kuficha moto unaoendelea kuwaka ndani. Ukifika, sentensi yako ya kwanza kwa yeyote utakayemkuta iwe: "Huyu yuko kwa kemo na ana homa." Iseme kwa sauti. Usipange foleni kimya.

Sasa hivi, kabla ya homa, ongea na mtu mwenye gari kijijini. Mpe namba yako, mkubaliane bei. Boda usiku si mpango.

PESA

SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024. Ilianza na kikomo cha Sh400,000 za saratani kwa familia kwa mwaka, kisha Sh150,000 kutoka hazina ya magonjwa sugu hizo zikiisha. Viwango hivi hurekebishwa, kwa hivyo uliza kwenye dawati la SHA hospitalini kabla ya kila mzunguko: zimebaki ngapi? Kitu kinachowakuta wengi ni hiki: kadi ya dada yako mwenye kazi inamhudumia yeye, mumewe na watoto wao. Haimhudumii mama. Mzazi lazima asajiliwe mwenyewe, unaweza kuanza kwa *147#, na asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima mapema. Waambie wenye mishahara walipe hiyo kwanza kabla ya kutuma pesa za matunda.

Na si lazima kila kitu kiwe Nairobi. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri hutoa kemo, na Meru vilevile. Safari ya kwenda Nairobi na kurudi na mtu anayetapika ni mateso unayoweza kuuliza kama yanaweza kuepukika.

SWALI AMBALO FAMILIA HULIKWEPA

Sasa tuongee ukweli. Saratani ikishaenea, mara nyingi kemo haiponyi. Inapunguza uvimbe, inaongeza muda, inatuliza maumivu. Hayo si mambo madogo. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayevumilia kutapika kwa sababu atapona, na anayevumilia ili apate miezi zaidi. Anafaa kujua ni lipi kati ya hayo analolipia kwa mwili wake.

Kwetu wanaume wa familia walitaka tata asiambiwe. Waliogopa atakata tamaa. Daktari alimgeukia yeye akamuuliza anataka kujua kiasi gani. Akasema, "Niambie yote, hii shamba nitaigawa nikiwa na akili." Aliambiwa. Alilia siku mbili, kisha akaita watoto wake na karatasi za shamba. Huyo ndiye mtu tuliyekuwa tunamlinda eti hawezi.

Kwa hivyo uliza mambo matatu kliniki: Lengo la dawa hii ni nini? Tutajuaje kama inafanya kazi? Ikishindwa, mpango ni upi?

Na usingoje mpango huo wa mwisho ndipo utafute huduma ya kutuliza maumivu. Nyeri Hospice iko pale pale kwenye uwanja wa hospitali ya rufaa, na Meru wana yao. Watu husikia neno hilo wakadhani ni mahali pa kwenda kufa. Kazi yao ni maumivu, kichefuchefu, usingizi, hofu, na hata wewe mwenye kumtunza, na mtu anaweza kuhudumiwa nao huku bado yuko kwa kemo. Akiandikiwa mofini ya maji, mpe kwa saa zilizowekwa. Hatageuka teja. Atafunga choo tu, kwa hivyo omba dawa ya kulainisha siku hiyo hiyo.

Maombi hayagombani na dripu. Kikundi cha kina mama wa kanisa kimempa tata nguvu ambazo hakuna chupa ingempa. Ila anayesema "acha dawa, imani inatosha" mpe chai umsindikize. Na miti shamba mwambie daktari kabla ya kumpa, kwa sababu mingine huchosha ini lile lile linalosafisha kemo.

NA WEWE JE?

Utachoka. Utakasirikia mgonjwa kwa kukataa uji, kisha ujichukie. Hiyo haikufanyi mtu mbaya. Fungua kundi la WhatsApp la familia, weka ratiba, na umpe kila mtu siku yake. Anayetuma pesa anaweza pia kuja Jumamosi moja kwa mwezi ulale. Ukiona hulali hata siku yako ya kupumzika, waambie wale wauguzi wa hospice. Wamezoea kuulizwa.

Tata amemaliza mizunguko sita. Sasa tunangoja picha ya ini itakayosema kama tunaendelea. Yeye ameshasema lake: ikiwa dawa inasaidia, atavumilia, ikiwa haisaidii, anataka kuwa nyumbani, bila maumivu, kahawa ya Oktoba ikianza kuchumwa. Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, na daktari ameyasoma.

Wako anataka nini? Muulize leo jioni, wakati nyumba imetulia na wageni wameenda. Usimkatize. Andika jibu lake, uende nalo kliniki.