Je, Wajua? Baridi Inayopanda Pikipiki

Je, wajua kwamba katika vijiji vya kandokando ya Eldoret kuna mzigo wa pikipiki wenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri? Ni mtungi wa mtaalamu wa mifugo, wenye naitrojeni iliyogeuzwa kuwa kimiminika. Ndani yake zimo mbegu za fahali za kupandikizia ng'ombe, nyingine kutoka kituo cha mbegu cha Kabete, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1946.

Siri ya baridi hiyo kudumu ni mtungi wenyewe. Una kuta mbili za aluminiamu, na hewa iliyo katikati imefyonzwa, hivyo joto hukosa njia. Aliyebuni chombo hicho mwaka 1892 ni Mskoti James Dewar. Chupa yako ya chai ni ndugu yake. Lakini kizibo cha mtungi hakikazwi kamwe: lita moja ya naitrojeni hiyo hufura ikawa karibu lita 700 za gesi, na mtungi uliozibwa ungepasuka.

Ukifunguliwa, ukungu mweupe humwagika shingoni. Mtaalamu huchomoa mrija wa mbegu, mwembamba kama bua la nyasi, akautumbukiza kwenye maji vuguvugu kwa nusu dakika hivi. Mbegu zinaamka, hata kama fahali alikufa miaka mingi iliyopita.