Setilaiti Haiuawi na Wastani

Tarehe 20 Januari 1994, setilaiti ya mawasiliano ya Kanada, Anik E1, ilishindwa kujielekeza, na saa chache baadaye pacha wake Anik E2 ikapatwa na yaleyale. Ya kwanza ilirejea kazini baada ya saa kadhaa. Ya pili ilichukua miezi. Zote zilizunguka takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, ndani ya ukanda wa nje wa Van Allen, ambako sumaku ya dunia hunasa elektroni zenye kasi kubwa. Siku zilizotangulia, elektroni hizo zilikuwa zimeongezeka mno. Zilipenya ganda la chombo, zikajilimbikiza ndani ya vihami vya saketi hadi kihami kikazidiwa, cheche ikaruka, na mitambo inayoendesha magurudumu ya mwelekeo ikaharibika.

Kwa miaka mingi wahandisi wametegemea modeli za NASA, AP8 ya protoni na AE8 ya elektroni, ambazo kiini chake ni vipimo vya miaka ya 1960 na 1970. Zinatoa wastani. Wastani unafaa kukadiria madhara yanayojumlika polepole, mfano kuchakaa kwa paneli za jua, lakini cheche haingoji jumla ya miaka kumi. Siku chache mbaya zinatosha. Van Allen Probes, vyombo pacha vilivyorushwa Agosti 2012, viligundua ukanda wa tatu uliodumu wiki nne hivi, kisha wimbi la mshtuko kutoka kwenye Jua likaufuta. Ni wastani gani ungeutabiri?

Wapo watakaosema kwamba AE8 ikizidishwa mara mbili kwa tahadhari imelinda vyombo vingi. Ni kweli. Lakini elektroni za ukanda wa nje zinaweza kuongezeka mara mamia kwa siku chache, na hapo mara mbili si kinga. Kuongeza unene wa ganda nako kuna kikomo: uzito ni gharama ya kurusha, na protoni kali za ukanda wa ndani hupenya tu. Modeli mpya zaidi, AE9 na AP9, ni bora kwa sababu zinaeleza uwezekano: kiwango cha mionzi ambacho hakitavukwa katika maigizo 95 kati ya kila 100 ya kompyuta.

Kenya ilirusha setilaiti ya Taifa-1 Aprili 2023, na nyingine zitafuata. Anayeandika zabuni ya chombo kijacho adai kiwango hicho cha 95 kati ya 100 kwa maandishi, na asikubali kuletewa wastani peke yake.