Mbao za Sakafu Zimo Shambani Mwako

Mkulima akipata fedha kidogo baada ya mavuno, mara nyingi hufikiri juu ya nyumba yake. Baadhi yenu katika Likoni, Kisauni na Changamwe mwataka sakafu ya mbao, ama ya chumba cha juu, ama ya ghala ya mahindi iliyoinuliwa juu ya ardhi. Swali ni hili: mbao hizo zitoke wapi?

Wazee wa pwani walitumia boriti za mikoko. Upana wa vyumba katika nyumba za mawe za Mombasa na Lamu ulifuata urefu wa boriti, yaani kadiri ya futi 9 tu. Majahazi nayo yalichukua boriti nyingi kwenda Uarabuni, ambako miti ya kujengea ni haba. Lakini kazi ya mkoko si boriti peke yake. Samaki wachanga na kamba hukulia katika mizizi yake, na mizizi hiyo huzuia ufuo usiliwe na maji. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori la Mwache, na mikoko mingi ikafa. Katika hori la Tudor mikoko imepungua kwa kukatwa. Basi tusiongeze shoka juu ya hasara hiyo.

Wengine hutafuta mvule au mbambakofi. Ni mbao njema sana, lakini miti hiyo hukua polepole. Aipandaye leo, atakayeikata ni mjukuu wake. Mbambakofi humea katika misitu yetu ya pwani, na baadhi ya misitu hiyo ni kaya za Wamijikenda, zilizotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mbao isiyojulikana ilikotoka usiinunue, hata ikiwa bei yake ni rahisi.

Sasa tazama shambani mwako. Mnazi mrefu wa pwani huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8, na ukipita kama miaka 60 mazao yake hupungua. Mnazi mzee kama huo hula nafasi bure. Ukianguka na kuoza, chonga hutaga mayai ndani yake, kisha hutoka kutoboa minazi yako michanga. Lakini ukipasuliwa mapema, hutoa mbao nzuri za sakafu.

Fuateni mambo haya:

Kwanza, panda kabla ya kukata. Katika visiwa vya Philippines, sheria ya mwaka 1995 yakataza kukata mnazi bila kibali, na mwenye kuomba kibali sharti apande minazi mingine badala ya ile atakayoikata. Mfano huo ni mwema kwetu. Tena, kabla ya kukata au kusafirisha mbao, ulizeni ofisi ya misitu juu ya kibali.

Pili, chagua sehemu ya gogo. Mnazi si kama miti mingine: ugumu wake uko nje, na kiini chake ni laini. Sehemu ya nje, chini ya shina, ndiyo ifaayo kwa sakafu. Mbao yake ni nzito na ina vidoa vingi vyeusi. Mita moja ya ujazo ya mbao kavu ya namna hii huwa na uzito wa kilo 600 au zaidi, lakini ile ya kiini haifiki kilo 400. Bonyeza kwa ukucha. Ukizama, mbao hiyo haifai kukanyagwa.

Tatu, usichelewe kupasua. Gogo likilala chini majuma mengi huota ukungu. Mwambie mpasuaji alete msumeno wenye meno magumu, kwa maana mnazi hufisha makali upesi. Kiini na kilele vichomwe au viwe kuni, visiachwe kuozea shambani.

Nne, kausha vizuri. Panga mbao kivulini penye upepo, ukitia vijiti kati ya safu na safu. Mbao za unene wa inchi 1 zingoje miezi 2 au 3. Mbao mbichi ikipigiliwa, baadaye hujikunja na kuacha nyufa.

Tano, ilinde na mchwa. Mbao ya mnazi haidumu ikigusa udongo. Weka mihimili juu ya nguzo za mawe au saruji, na upepo upite chini. Mihimili ya mvinje yafaa, kwa kuwa mti huo hukua upesi na waweza kuupanda mwenyewe. Dawa ya boroni husaidia kuzuia wadudu katika mbao za ndani zisizopata mvua. Toboa kwanza kwa keekee kabla ya kupiga msumari, mbao isipasuke; kisha piga randa na upake vanishi.

Hesabuni basi minazi yenu wakulima, mjue ipi yazaa na ipi imezeeka. Ule uliozeeka uwape sakafu, na mche mpya uwe umekwisha kushika mizizi karibu yake. Hivyo nyumba itapata mbao, hori litabaki na mikoko yake, nao watoto wenu watakuta nazi za kuangua na samaki wa kuvua.