Kifaa Kinapoanguka Wakati wa Upasuaji

Katikati ya upasuaji, mkasi huponyoka mkononi na kuanguka sakafuni. Mlio wake husikiwa na wote waliomo chumbani, isipokuwa mgonjwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi. Tukio hili si la ajabu: glavu huteleza kwa damu, vifaa hupokezanwa kwa haraka, na uchovu humpata hata mwenye uzoefu. Hatari kubwa huanza pale kifaa kinapookotwa kimyakimya.

Kwanza, kifaa kinachoanguka kisidakwe. Mkono unaowahi kisu hukutana na makali yake, na jeraha lililoguswa na damu ya mgonjwa laweza kupitisha Virusi vya Ukimwi au homa ya ini aina ya B na C.

Pili, kisirudishwe kwa mgonjwa. Sakafu, hata ikipigwa deki kwa dawa, haihesabiwi kuwa imetakaswa. Kupangusa kwa spiriti hakutoshi, kwa kuwa mbegu sugu za baadhi ya bakteria, wakiwemo wa pepopunda, hustahimili spiriti. Kifaa hubadilishwa. Pasipokuwa na kingine, huoshwa, kisha hutakaswa kwa mvuke wenye shinikizo. Kifaa cha chuma kisicho na matundu wala kifungashio huhitaji angalau dakika 3 katika nyuzijoto 134 za Selsiasi, na dakika hizo huhesabiwa tangu joto hilo lifikiwe. Baada ya hapo kiachwe kipoe, kwani chuma cha moto huunguza mwili wa mgonjwa.

Tatu, kisitoke chumbani. Muuguzi aliye nje ya eneo lililotakaswa hukiokota kwa glavu, humwonyesha mwenzake anayempokeza daktari vifaa, kisha hukiweka mahali panapoonekana hadi hesabu ya mwisho. Kikiondolewa, hesabu hupungua. Timu yaweza kumpekua mgonjwa bure na kurefusha usingizi wake. La kutisha zaidi, yaweza kudhani kwamba kinachokosekana ni kile kilichoanguka, kumbe kingine kimesalia tumboni.

Ndiyo maana Orodha ya Usalama wa Upasuaji, iliyozinduliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, humtaka muuguzi kuthibitisha kwa sauti hesabu ya vifaa, gozi na sindano kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Hesabu isipotimia, jeraha, mashuka, sakafu na ndoo za taka hupekuliwa. Kisipopatikana, picha ya eksirei hupigwa.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Muuguzi kijana anayesema “kimeanguka” na kukaripiwa, siku nyingine atanyamaza. Daktari bingwa anayemshukuru humlinda mgonjwa anayefuata. Naye mgonjwa, akizinduka, ana haki ya kuuliza kama hesabu ya vifaa ilitimia, na ajibiwe bila kuonekana mkorofi.