Vumbi Laini Liimarishalo Zege
Zege ni saruji, mchanga, kokoto na maji. Saruji ikutanapo na maji hufanya gundi ishikayo mawe. Lakini huzaa pia chokaa dhaifu, na kati ya chembe hubaki vitundu vipitishavyo maji hadi kwenye nondo. Kutu huvimbisha chuma, zege likapasuka. Vumbi la silika, ambalo chembe yake ni ndogo mara 100 hivi kuliko ya saruji, huziba vitundu hivyo na kuigeuza chokaa ile kuwa gundi mpya. Udongo wa kaolini uliochomwa hutenda vivyo hivyo. Nao huchomwa kwa nyuzi 800 hivi za Selsiasi, hali saruji hudai 1450. Saruji ipunguzwapo hivyo, makaa na moshi hupungua, na nyumba huwadumia wajukuu.