Kushusha Gari: Pima Kinachobaki

Kijana aliingia gereji Jumamosi asubuhi na Subaru Impreza yake ya bluu, na kwenye siti ya nyuma boksi lenye springi nne nyekundu. "Fundi, nataka ilale," akaniambia. "Kati ya tairi na madigadi kisipite hata kidole."

"Mdogo wangu, unakaa wapi?"

"Goba, ndani ndani huko."

Nikampa futi. Kabla ya kushika spana tulipima sehemu mbili: kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, kisha kutoka sakafuni hadi sehemu ya chini kabisa ya tumbo la gari. Kipimo cha kwanza ndicho wanachokitazama marafiki zake akiegesha gari. Cha pili ndicho kinachokutana na tuta. Tumbo la Impreza hiyo lilikuwa kama sentimita 15 kutoka chini, na boksi la springi lilisema gari itashuka sentimita 3. Kijana alitoa haraka: zinabaki 12, hakuna shida.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa gari iliyoegeshwa bila mtu ndani. Tuendelee nayo. Tuseme springi ya nyuma iliyotoka na gari inazama milimita 1 kwa kila kilo 2 za uzito. Siku ya harusi wanakaa watu watatu nyuma, kila mmoja kilo 70, na kwenye buti kuna mzigo wa kilo 40. Jumla ni kilo 250. Tukichukulia kwamba zote zimeangukia nyuma, kila springi inabeba 125, na gari inazama zaidi ya sentimita 6. Sasa fungua shokapu kwa mawazo. Ndani yake kuna nafasi ya kubanwa, tuseme sentimita 9, kabla ya kugonga mpira wa kuzuia mwisho. Abiria wameshakula 6. Zinabaki karibu 3 za kupambana na mashimo.

Ukiishusha gari sentimita 3, nafasi ya kubanwa inakuwa 6 hata kabla ya abiria kupanda. Ukitumia springi laini kama ile ya zamani, mzigo uleule unaimaliza yote, na kila jiwe linapiga moja kwa moja kwenye bodi. Ndiyo maana springi fupi iliyotengenezwa kwa kazi hii huwa ngumu kuliko ya awali. Ikiwa inazama milimita 1 kwa kila kilo 2 na nusu, mzigo ule unaizamisha sentimita 5 tu. Inabaki sentimita 1. Hiyo moja ndiyo utakayokwenda nayo Goba. Anayeshusha gari ananunua mwonekano kwa nafasi ya shokapu, na bei yake ni hiyo.

Kutokana na hesabu hiyo utaona kwa nini sikubali kukata springi kwa grenda. Kwenye gereji zetu jambo hili ni la kawaida: unakatwa mzunguko mmoja au mzunguko mmoja na nusu, gari inashuka, mteja analipa pesa ya soda. Springi iliyokatwa huwa ngumu kidogo, kwa sababu mizunguko iliyobaki ni michache, ila ugumu huo haukupangwa na mtu. Ncha yake nayo haina tena umbo la kukaa kwenye kikombe chake. Siku gari ikipigwa jeki, au gurudumu likining'inia kwenye shimo, springi inalegea ndani ya nafasi yake na inaweza kuhama. Wapo wanaotumia moto wa gesi badala ya grenda, na hao wanaharibu zaidi. Chuma cha springi kimepata nguvu yake kwa kuchomwa na kupozwa kwa utaratibu kiwandani. Ukikichoma ovyo unaifuta nguvu hiyo, na springi inaendelea kulala yenyewe mwezi hadi mwezi.

Huko Japani, zinakotoka gari nyingi tunazoendesha, ukaguzi wa lazima hautaki sehemu ya chini ya gari iwe chini ya sentimita 9 kutoka barabarani, na gari ambayo springi zake zinacheza baada ya kunyanyuliwa haipiti. Ujerumani springi fupi inahitaji cheti kinachotaja aina ya gari inayoruhusiwa kufungiwa. Hata kama hapa hakuna anayekuuliza cheti, soma karatasi iliyokuja na boksi. Hakikisha imetaja modeli yako, mwaka wake, na kama ni gari ya magurudumu mawili au manne yanayovuta.

Angalia pia shokapu. Kazi ya springi ni kubeba, kazi ya shokapu ni kuituliza isirukeruke. Shokapu iliyochoka inaweza kuvumilia springi laini, lakini springi ngumu itaishinda, na gari itadunda kama mpira kwenye barabara ya vumbi. Ukiona mafuta yamelowesha mwili wa shokapu, au umeibonyeza kona ya gari ikapanda na kushuka zaidi ya mara moja, nunua shokapu mpya na ufunge vyote siku moja. Vinginevyo utalipia kazi ileile mara mbili.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Gari iwe kwenye sakafu ngumu na tambarare, hendibreki juu, mawe au kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini. Legeza nati za gurudumu kidogo gari ikiwa bado chini, kisha piga jeki na uikalishe kwenye stendi. Jeki ni ya kunyanyulia. Anayebeba gari wakati mikono yako iko ndani ni stendi. Toa gurudumu. Mpira wa breki na waya wa ABS vimefungwa kwenye mguu wa shokapu, vitoe kwanza, maana ukivisahau utavikata. Toa na linki ya stabilaiza. Pale shokapu inapoungana na kitovu cha gurudumu kuna bolti mbili kubwa. Kwenye gari kama Impreza, moja kati ya hizo ndiyo inayorekebisha mlalo wa tairi, kwa hiyo ichore alama kwa chaki au rangi ili ujue ilikuwa wapi.

Fungua boneti. Juu ya shokapu utaona nati tatu ndogo zimezunguka, na katikati yake nati moja kubwa. Toa zile tatu na uushike mguu usikudondokee. Ile ya katikati usiiguse. Nairudia kwa kila kijana anayeanza: nati ya katikati ndiyo pekee inayoizuia springi isifyatuke.

Nguvu iliyofungwa pale haionekani kwa macho. Chukua springi ambayo kila milimita ya kubanwa inakurudishia nguvu ya nyutoni 25, yaani uzito wa kilo 2 na nusu hivi. Ikiwa imebanwa sentimita 15, inasukuma kwa nguvu ya uzito wa kilo 380. Nishati iliyomo ndani yake inalingana na ya mfuko wa saruji wa kilo 50 unaodondoka kutoka juu kidogo ya goti. Tofauti ni kwamba springi ina uzito wa kilo chache tu, hivyo nishati yote hiyo inageuka kuwa mwendo, na mwendo huo unaelekea usoni.

Kwa hiyo tumia vibano vya springi, viwili, kila kimoja upande wake, vitazamane. Kaza kimoja mizunguko michache, hamia kingine, rudi tena, hadi springi iachane na vikombe vyake na uweze kuichezesha kwa mkono. Kichwa chako kisiwe usawa wa ncha za springi. Usitumie mashine ya kufungulia nati kwenye vibano. Uzi wa vibano unapata moto na kukatika. Springi ikilegea, sasa ndiyo wakati wa nati ya katikati. Toa mauntingi, mpira wa vumbi, na mpira wa kuzuia mwisho. Karatasi ya springi ikikuambia mpira huu wa mwisho ukatwe, kata kipimo kilichoandikwa, isipokuambia, uache.

Wakati wa kurudisha, kuna jambo moja ambalo mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Kwenye kikombe cha chini kuna ngazi ndogo ambapo ncha ya springi inatakiwa kuegemea. Gari yangu ya kwanza kushusha niliiacha ncha ikiwa mbali na ngazi hiyo kwa upana wa kidole, nikaona ni karibu tu. Jioni, mwenye gari alipokata kona kuingia getini kwake, springi ikaruka kutafuta mahali pake: kong! Akanipigia simu akidhani eksili imekatika. Kesho yake nilifungua upande mzima upya, bila malipo. Tangu hapo naweka tochi na kuiona ncha imegusa ngazi kabla sijaanza kulegeza vibano.

Nati na bolti zikazwe kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu cha gari. Nati za gurudumu za Toyota nyingi ndogo, kwa mfano, ni nyutoni-mita 103. Mtu anayekanyagia spana kwa mguu amepita hapo zamani. Bolti zinazopita kwenye bushi, hasa za mikono ya nyuma, zikaze mwisho, gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza gurudumu likiwa linaning'inia, mpira wa bushi unabaki umesokotwa siku zote na utachanika mapema.

Kazi haijaisha gari inaposhuka kwenye jeki. Gari ikishuka, tairi za mbele zinalaza vichwa ndani, na pembe ya kutazamana kwake inabadilika kwa sababu mikono ya stelingi sasa imekaa kwa mlalo mwingine. Hii ya pili ndiyo inayokula tairi: upande wa ndani unaisha hadi nyuzi huku wa nje ukiwa bado mzima, na wewe huoni mpaka uiname. Endesha siku chache springi zikae, kisha nenda alaimenti. Baada ya kilomita 100 hivi pitia nati zote tena, na urekebishe taa za mbele kama zimeinama.

Yule kijana wa Goba alikubali zile za sentimita 3, ingawa alikuwa na mawazo ya 5. Wiki mbili baadaye alirudi kwa alaimenti. Tukapima tena kwa futi ileile: gari ilikuwa imeshuka sentimita 3 na milimita 4, na chini ya bampa la mbele kulikuwa na mkwaruzo mmoja mpya. "Tuta la shule," akasema, akacheka. Njiani huko sasa anapita kwa pembe, gurudumu moja moja.

Nilimpa na boksi lake. Ndani yake kulikuwa na springi nne za zamani, zimepakwa grisi na kuandikwa MBELE KUSHOTO, MBELE KULIA, NYUMA KUSHOTO, NYUMA KULIA. Nawe fanya hivyo. Usiziuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa sababu siku utakapohamia barabara mbovu zaidi, au mnunuzi wa gari atakapozitaka, thamani yake itazidi ya hizo nyekundu.